Kuulizwa Si Kusikilizwa: Maoni, Kimya na Shauri la Meru

Utangulizi

Katika mijadala yetu ya fasihi na historia hapa chuoni kuna dai moja linalorudiwa mara kwa mara, nalo ni kwamba mwananchi wa kawaida "hasemi". Mhakiki akisoma riwaya ya wakati wa ukoloni, akamkuta mzee amekaa barazani mbele ya bwana shauri bila kutamka neno, anaandika haraka: huu ni woga. Akimkuta kijana anayesimama na kupinga, anaandika: huu ndio mwamko. Basi kazi imekwisha, msemaji amepewa maksi na mnyamavu amenyimwa.

Makala haya yanakusudia kuupinga uhakiki wa namna hiyo. Tunadai kwamba mtu anapoulizwa maoni yake, uamuzi wa kusema au kunyamaza una hesabu zake: nani anauliza, kwa nini ameuliza sasa, na jibu litapelekwa wapi. Ushahidi wetu mkuu tunautoa kwenye miteremko ya Mlima Meru, katika shauri la ardhi la Engare Nanyuki la mwaka 1951 na 1952. Baada ya hapo tutaliangalia kwa ufupi swali aliloulizwa kila Mtanzania mwaka 1991, na maswali waliyoulizwa mashahidi katika ukumbi mmoja wa Arusha mjini mwaka 1997.

Maneno mawili: maoni na shauri

Tuanze na lugha, maana ndiyo kazi yetu. Neno "maoni" limetokana na kitenzi "ona". Mtu anayetoa maoni anasema alichokiona kutoka pale aliposimama. Umoja wake, "oni", hatuusikii mitaani. Ni kama kwamba lugha yenyewe inatarajia maoni yawe mengi.

Neno "shauri" lina mambo zaidi. Shauri ni nasaha: nipe shauri. Shauri ni mazungumzo ya kutafuta njia: tufanye shauri. Lakini shauri ni kesi vilevile, na mkoloni alipojenga boma, "kwenda shaurini" kukawa na maana ya kwenda kuhukumiwa. Halafu kuna "shauri yako!", ambayo kila mmoja wetu amewahi kuambiwa. Hapo msemaji amekwisha kunawa mikono. Neno hilohilo linalokualika utoe rai ndilo linalokufikisha mahakamani, na ndilo linalokuacha peke yako na matokeo. Sasa mtu aliyeitwa na Mzungu mwaka 1946 "kufanya shauri" alikuwa na haki ya kujiuliza: shauri lipi kati ya hayo?

Methali nazo hazikubaliani. Moja inasema kuuliza si ujinga, nyingine inaonya kwamba mdomo huponza kichwa. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, wanasema wazee. Lakini walewale wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mwanafunzi mvivu atasema methali zetu zinapingana, kwa hiyo hazina falsafa. Sisi tunaona zinatoka katika jamii iliyojua kwamba jibu sahihi la leo linaweza kuwa hatari kesho, ikawa inawaachia watu wake njia zote mbili wazi.

Engare Nanyuki

Wakati wa Wajerumani ardhi nyingi iliyozunguka mlima ilichukuliwa na kugawiwa walowezi. Wameru na Waarusha wakabaki juu, kati ya msitu wa hifadhi na mashamba ya wageni. Wanahistoria wameuita ukanda huo wa mashamba pete ya chuma, na jina hilo si la kutia chumvi. Watu waliongezeka, ng'ombe waliongezeka, pete haikulegea. Upande wa kaskazini mashariki ndiko kulikokuwa na mahali pa kupumulia, ndiyo Engare Nanyuki, na sehemu ya ardhi hiyo Wameru walikuwa wameirudisha kwa kuinunua kwa mali yao wenyewe.

Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Tanganyika ilimteua Jaji Mark Wilson aongoze tume ya kuchunguza ardhi ya wilaya za Arusha na Moshi. Ripoti yake ilitoka mwaka 1947. Tume ilianza na tatizo la kweli, yaani njaa ya ardhi ya Wachagga, Waarusha na Wameru. Lakini ndani yake mlikuwa na lengo la pili: kuyapanga makazi kwa rangi, ili eneo lililo kati ya Meru na Kilimanjaro liwe la Wazungu watupu, na Waafrika wafidiwe ardhi mahali pengine. Kwa mpango huo Wameru wa Engare Nanyuki walitakiwa wahame, na nafasi yao yafunguliwe mashamba 13 ya mifugo ya walowezi. Wao wapelekwe Kingori.

Hapa ndipo swali letu linapoanza. Wameru waliitwa, wakaelezwa, wakatakiwa wakubali. Msomaji wa leo anaweza kusema: si waliulizwa? Ndiyo, waliulizwa, lakini tuangalie swali lenyewe. Kuna swali linalotafuta jibu na kuna swali linalotafuta sahihi. La kwanza linaweza kubadilisha uamuzi. La pili linataka uamuzi uliokwisha kupita uonekane una wenyewe. Mtu akijibu swali la aina ya pili kana kwamba ni la aina ya kwanza, jibu lake, hata likiwa "hapana", linaandikwa chini ya kichwa cha habari "wananchi walishauriwa".

Wameru walijibu hapana. Walisema Kingori kuna joto na kwamba mifugo yao itakufa kwa maradhi. Walisema ardhi ni yao. Jibu lao halikubadilisha kitu, na mwezi wa Novemba 1951 askari walifika Engare Nanyuki. Nyumba zilibomolewa na kuchomwa, mifugo ikaswagwa, na watu wapatao 3,000 wakaondolewa. Hawakupigana. Walikataa kuondoka kwa hiari yao, na fidia waliyopewa hawakuipokea.

Tusimame kidogo kwenye fidia hiyo. Pesa ile ilikuwa swali la mwisho la serikali: mnakubali? Kuipokea kungekuwa kujibu, hata kama mdomo umefungwa. Kwa hiyo mtu aliyeiacha mezani alikuwa ametoa maoni yake kwa uwazi kuliko hotuba yoyote. Mhakiki anayehesabu maneno tu hataiona sauti hiyo, kwa sababu haina alama za kufungua na kufunga usemi.

Kuchagua wa kumjibu

Lakini Wameru hawakuishia kwenye kukataa, na hapa historia yao inakuwa ya kipekee. Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Tangu mwaka 1946 ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na Mkataba wa Umoja huo, katika Ibara ya 87, uliruhusu maombi ya wananchi kupokewa na wajumbe kutumwa kutembelea nchi. Uingereza ilitawala, ila ilikuwa na mtu wa kumtolea hesabu. Wameru waliuona mlango huo. Waliiacha meza ya bwana shauri na kuyapeleka maoni yao kwa msikilizaji mwingine.

Chama cha Meru Citizens Union kilisimamia kazi hiyo, wananchi wakachanga. Wakili wao alikuwa Earle Seaton, mtu wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi, na msemaji wao alikuwa Kirilo Japhet, Mmeru mwenyewe. Mwaka 1952 watu hao wawili walifika New York na kulieleza shauri la Engare Nanyuki mbele ya Umoja wa Mataifa.

Matokeo yake yafaa yaelezwe hatua kwa hatua, kwa kuwa yanafundisha. Baraza la Udhamini lilikuwa limegawanyika nusu kwa nusu, mataifa yanayotawala nchi za udhamini upande mmoja na yasiyotawala upande mwingine. Chombo cha namna hiyo hakiwezi kumkaripia mmoja wao kwa ukali, na kweli, kilisikitika tu. Shauri likapelekwa Kamati ya Nne ya Baraza Kuu, ambako kila nchi mwanachama ina kura. Huko Wameru waliungwa mkono na azimio la kutaka warudishiwe ardhi likapita. Lakini katika Baraza Kuu lenyewe mambo ya udhamini yanahitaji theluthi mbili ya kura, na azimio halikuzifikia. Japhet alirudi nyumbani bila ardhi.

Je, walishindwa? Kwa hesabu ya ekari, walishindwa. Ila tangu siku ile maneno yao yamo katika kumbukumbu za Umoja wa Mataifa yakiwa na jina lao, hayamo tena katika ripoti ya mtu mwingine chini ya "walishauriwa". Huku nyumbani habari ya Meru ilisafiri. John Iliffe, katika historia yake ya Tanganyika ya mwaka 1979, ameipa nafasi kubwa katika maelezo ya kukua kwa siasa za kitaifa. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na Machi 1955 Julius Nyerere naye alisimama mbele ya Baraza la Udhamini kulekule New York. Njia ilikuwa imekwisha kukanyagwa.

Shauri hili limetuachia vitabu. Japhet na Seaton waliliandika wenyewe katika The Meru Land Case, mwaka 1967. Mwaka 1974 Tanzania Publishing House ikatoa riwaya ya Ismael Mbise, Blood on Our Land, iliyojengwa juu ya mkasa huohuo. Vyote viwili viko kwa Kiingereza, na jambo hilo nalo ni sehemu ya mada yetu. Mtu anayetoa maoni hulazimika kuchagua lugha ya anayemsikiliza. Japhet alikuwa na sababu, maana alikuwa akiendelea kulisemea dunia shauri lake. Sisi wa idara za Kiswahili tuna sababu gani ya kutoyarudisha maandishi hayo kwa lugha ambayo bibi wa Leguruki anaweza kusomewa na mjukuu wake jioni? Tunapouliza kwa nini watu wa mlimani hawatoi maoni juu ya riwaya yao, tukumbuke kwamba hatujawahi kuwauliza kwa lugha wanayoisikia.

Swali la mwaka 1991

Wapo watakaosema: hayo yalikuwa ya mkoloni, sasa tunatawaliwa na wenzetu. Vema, tuje kwa wenzetu.

Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikazunguka nchi nzima, bara na visiwani, ikiuliza: tuendelee na chama kimoja au tuingie vyama vingi? Jibu lilikuwa kwamba takriban asilimia 80 walitaka chama kimoja kiendelee, na takriban asilimia 20 walitaka vingi. Tume ikapendekeza vyama vingi. Sheria ikabadilishwa mwaka 1992, na uchaguzi mkuu wa vyama vingi ukafanyika mwaka 1995.

Mpaka leo hesabu hiyo inawasumbua watu. Eti tuliulizwa, wengi wakasema hivi, ikafanywa vile? Wengine wanaitaja kama kejeli ya demokrasia. Lakini tuitazame kwa jicho la mhakiki. Swali liliulizwa na serikali ya chama kimoja, mara nyingi kwenye mkutano wa hadhara, balozi wa nyumba kumi akiwepo. Katika hali ile, kusema "chama kimoja" hakukumgharimu mtu chochote. Kusema "vingi" kulihitaji mtu asimame mbele ya jirani zake na viongozi wake. Maneno hayo mawili yalikuwa na bei tofauti, na mwenye kuyahesabu kama mbegu za bao anakosea. Zaidi ya hapo, wengi kati ya waliotaka chama kimoja walitaka kiwe na marekebisho, na tume iliona kwamba marekebisho yenyewe hayapatikani chama kikibaki peke yake. Kwa maneno mengine, tume iliyasoma majibu, haikuyajumlisha tu. Hiyo ni kazi ya uhakiki kabisa.

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kushangilia. Muulizaji mwenye haki ya kusoma nyuma ya jibu lako anaweza pia kusoma anachokitaka. Mwaka 1998 Kamati ya Jaji Robert Kisanga ilikusanya maoni juu ya katiba. Ilipoleta mapendekezo, likiwamo la serikali tatu, yaliyokwenda mbali kuliko takwimu zake, Rais Benjamin Mkapa aliilaumu hadharani. Tume ya Jaji Joseph Warioba nayo ilikusanya maoni kuanzia mwaka 2012, na mapendekezo yake makubwa yakabadilishwa katika Bunge Maalumu la mwaka 2014. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika Aprili 2015 iliahirishwa. Baada ya hayo yote, mtu wa Usa River akiulizwa tena anafikiria nini kuhusu katiba, akajibu "ninyi wenyewe mnajua", tumhesabu kuwa hana maoni? Mtu huyo ana kumbukumbu.

Ukumbi wa Arusha

Tumalizie na mfano ambao ulitokea mjini petu. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda iliundwa na Baraza la Usalama Novemba 1994, ikafanya kazi katika Kituo cha Mikutano cha Kimataifa, AICC, mpaka ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Mashahidi walitajwa kwa herufi badala ya majina, kwa ajili ya usalama wao.

Kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, ilianza Januari 1997. Hati ya mashtaka haikuwa na shtaka la ubakaji. Mwezi huohuo mama mmoja, aliyeitwa Shahidi J, alieleza katika ushahidi wake jambo lililompata binti yake wa miaka sita. Majaji, mmoja wao akiwa Navanethem Pillay, hawakulipita. Walimuuliza. Shahidi mwingine naye akaeleza. Juni 1997 hati ya mashtaka ilirekebishwa, wanawake zaidi wakaja, na tarehe 2 Septemba 1998 Akayesu alitiwa hatiani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kuhukumu kwamba ubakaji unaweza kuwa njia ya kutekeleza mauaji ya kimbari.

Ushahidi si maoni, tunakubali. Lakini uamuzi wa kufungua mdomo ni uleule, na bei yake hapa ilikuwa kubwa kupita zote tulizozitaja. Kwa nini jambo hilo halikuwa katika mashtaka tangu mwanzo? Jibu jepesi ni kwamba wanawake walinyamaza. Mwenendo wa kesi unaonyesha kitu kingine: pale alipokuwepo mtu wa kuuliza, na kusubiri, na kuliandika jibu mahali ambapo lingeleta tofauti, waliongea. Kimya kilichotangulia hakikuwa chao peke yao, na waulizaji wa mwanzo walikuwa na sehemu yao.

Hitimisho

Tunarudi kwa mhakiki wetu na maksi zake. Mifano hii mitatu inatufundisha aangalie mambo yafuatayo kabla ya kumhukumu mhusika, wa riwayani au wa historia.

Kwanza, aangalie kama swali liliulizwa kabla ya uamuzi au baada yake. Jaji Wilson alipomaliza ripoti, kilichobaki kwa Wameru kilikuwa kukubali au kuhamishwa.

Pili, aangalie bei ya kila jibu. Jibu la bure na jibu la kuponza kichwa hayawekwi kwenye mizani moja.

Tatu, aangalie jibu liliandikwa na nani na likahifadhiwa wapi. Asilimia 20 ya mwaka 1991 ilifanya kazi kwa kuwa iliandikwa. Maneno ya Kirilo Japhet yamedumu kwa kuwa alikwenda kuyasema mahali yatakapoandikwa kama alivyoyasema.

Nne, asikiisome kila kimya kwa herufi moja. Kuna kimya cha woga, kipo, hatukikani. Kuna kimya cha mtu aliyekwisha kujibu mara tatu. Na kuna kimya cha fidia isiyopokewa.

Basi mtu akituuliza tunafikiri nini, tuseme au tunyamaze? Msimamo wetu ni kwamba tuseme, hata pale uamuzi unapoonekana umekwisha kupita, mradi tuna namna ya kuhakikisha maneno yanabaki yetu. Wameru hawakurudishiwa Engare Nanyuki kwa kura za 1952, lakini kama wangenyamaza, tungekuwa na ripoti ya Wilson peke yake, na wanafunzi wa leo tungeandika insha kwamba watu wa Meru walishauriwa wakakubali. Ila pale ambapo jibu letu lote, la ndiyo na la hapana, litaandikwa kuwa ni idhini, tuna haki ya kufanya walivyofanya wao na zile pesa: kuziacha mezani, tukatafuta meza nyingine.

Kwa wahadhiri wetu, ambao kila mwisho wa muhula hutugawia karatasi za kutoa maoni juu ya kozi, tunauliza kwa heshima zote: zikishakusanywa, zinapelekwa wapi?